Nyota: Mgeni Aliyepewa Jembe

Mwezi huu tuyaweke kando yale ya nani kamwacha nani, tuzungumzie watu wanaopita. Sina maana ya wapita njia. Nazungumzia yule mtu unayemuona kwenye sinema kwa dakika moja tu, hasemi zaidi ya maneno mawili, halafu huyoo, katoweka. Mwenzako uliyekaa naye kwenye kochi anaruka, anapiga makofi, anakutikisa bega: "Umemuona? Umemuona yule?" Wewe umeona mzee mwenye mvi. Yeye kaona utoto wake wote.

Mimi kitu hicho nakiita ugeni. Mtu wa hadithi hii anapiga hodi kwenye hadithi ile, anakaribishwa, anakunywa maji, anaaga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli kuna hadithi zilizopona kwa sababu ya mgeni mmoja. Lakini wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kati ya methali hizo mbili ndipo ndoa nyingi zinapokwama, nitafika huko. Kwanza twende kwenye luninga.

HODI HODI ZA STAR TREK

Ni tamthiliya chache zilizopiga hodi kwenye nyumba nyingi kama Star Trek, ile ya watu wanaosafiri angani na chombo chao kiitwacho Enterprise. Ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 8, 1966, ikafungwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79. Kwa hesabu za wenye televisheni ilikuwa imeshindwa. Lakini waswahili husema la kuvunda halina ubani, na hii haikuvunda. Ikawa inarudi kila mara kupitia milango ya watu wengine.

Mwaka 1993, kwenye katuni ya The Simpsons, Leonard Nimoy (ndiye aliyekuwa Spock, yule mwenye masikio yaliyochongoka) alikuja kwa sauti yake mwenyewe kama mgeni rasmi wa uzinduzi wa treni ya mjini. Hakufanya lolote la maana. Mwishoni anajigamba kwamba kazi yake imekwisha, mtu anamuuliza kazi ipi, yeye anayeyuka hewani kama walivyokuwa wakiyeyuka kwenye tamthiliya yake. Mwaka 1999 ikatoka sinema ya Galaxy Quest, waigizaji wa tamthiliya iliyokwisha zamani wanachukuliwa na viumbe wa sayari nyingine ambao waliamini mambo yote yale ni ya kweli. Jina la Star Trek halitajwi, lakini kila anayeijua anajua ni nani anayetaniwa. Mwaka 2002 katuni ya Futurama ikawakusanya karibu wakongwe wote waliokuwa hai, wakajiigiza wenyewe.

Halafu kuna ile ya wapenzi hasa. Mwaka 2012 kwenye The Big Bang Theory, dada jirani anayeitwa Penny, ambaye mambo ya anga kwake ni Kigiriki, anawanunulia Leonard na Sheldon midoli ya zamani ya Star Trek. Sheldon anaota ndotoni mdoli wa Spock unamsemesha, na sauti ni ya Nimoy mwenyewe. Watazamaji walimfurahia Nimoy. Mimi nilimfurahia Penny. Hakujifanya anapenda asichokipenda, ila alitazama kinachowachekesha wenzake, akakinunua, akakifunga, akakipeleka. Hiyo, mpenzi msomaji, ni lugha ya mapenzi.

NENO LETU NDANI YA CHOMBO

Sasa nikwambie kwa nini mimi, mtoto wa Rungwe, naingilia mambo haya. Humo ndani ya Enterprise kulikuwa na mgeni kutoka kwetu tangu siku ya kwanza. Anaitwa Uhura, afisa mawasiliano.

Ilikuwa hivi. Dada mmoja Mmarekani mweusi, Nichelle Nichols, alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu mkononi. Kitabu chenyewe ni riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 inayohusu Kenya, na jalada lake lilikuwa na neno hili: Uhuru. Gene Roddenberry, mwenye tamthiliya, akalipenda lile neno. Likabadilishwa herufi moja ya mwisho, likawa jina la mwanamke. Kumbuka ni miaka gani hiyo. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru wake Desemba 9, 1961, Kenya Desemba 12, 1963. Neno lililokuwa likipigiwa kelele viwanjani Dar es Salaam na Nairobi likapanda chombo cha angani huko Hollywood.

Na halikupanda peke yake. Katika sehemu ile ile ya kwanza kuonyeshwa mwaka 1966, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza anajigeuza kijana mtanashati na kumsalimia Uhura kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata kuna sehemu ambayo mashine inamfuta kumbukumbu zote. Anapoanza kufundishwa upya kusoma Kiingereza, akikwama anarudi kwenye Kiswahili. Kila kitu kimefutwa, lugha ya nyumbani ipo. Mwandishi wa sehemu ile, kama alijua au hakujua, aligusa jambo ambalo kila aliyewahi kupandwa na homa kali mbali na kwao analijua.

Lakini tuwe wakweli, Uhura wa miaka ile alikuwa mgeni wa siku ya kwanza. Anakaa nyuma ya nahodha, kifaa sikioni, anasema masafa yako wazi, basi. Ndiyo maana Galaxy Quest ilimtania kwa kumpa Sigourney Weaver kazi ya kurudia tu kile kompyuta ilichokwisha kusema. Watu tulicheka, ila utani ule una mwiba. Nichols mwenyewe alichoka na baada ya msimu wa kwanza akataka kuacha. Aliyemzuia ni Martin Luther King, ambaye alimwambia kwamba yeye ni mtazamaji wake, na kwamba kuonekana kwake pale, mwanamke mweusi mwenye cheo katika karne za mbele, ni jambo kubwa kuliko alivyofikiri. Akabaki.

Na mavuno yake si mchezo. Kuanzia mwaka 1977 Nichols alifanya kazi na NASA kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Huko Chicago kulikuwa na binti aliyekua akimtazama, Mae Jemison. Akasomea udaktari, akiwa mwanafunzi akafika mpaka Kenya, akajifunza na Kiswahili. Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, na huko juu zamu zake alikuwa akizianza kwa maneno ya Uhura. Mwaka uliofuata akaalikwa kuigiza kidogo kwenye Star Trek ya kizazi cha pili. Mwanaanga wa kweli, mgeni kwenye hadithi ya uongo iliyomfanya awe wa kweli! Kama kuna ugeni wa dakika chache uliowahi kunitoa machozi, ni huo.

KUAZIMWA NA KUKARIBISHWA

Kiswahili chetu kimetembea sana, tusikatae. Tunaye Simba, Rafiki na Pumbaa wa The Lion King tangu mwaka 1994. Kwenye Star Wars ya mwaka 1983, rubani msaidizi mwenye mashavu makubwa anaongea maneno ya Kikuyu, sauti ikiwa ya mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, Kipsang Rotich. Wengine walidhani ni lugha ya sayari ya mbali, kumbe ni ya jirani zetu. Mwaka 2005 ulitoka mchezo wa kompyuta, Civilization IV. Unaufungua, unapokewa na Baba Yetu, wimbo wa Christopher Tin ulioimbwa kwa Kiswahili, ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Na msimulizi wa mchezo huo ni nani? Leonard Nimoy yule yule.

Lakini kuna kukaribishwa na kuna kuazimwa. Michael Jackson alipotoa Liberian Girl mwaka 1987 aliuanza kwa maneno ya Kiswahili, wakati Liberia na Kiswahili ni kama Tukuyu na jangwa. Wimbo mtamu, nauimba mpaka leo, ila pale neno letu liliwekwa kama ua mezani. Halikuulizwa linatoka wapi.

Tofauti ni ile ya jembe. Uhura alikaa miaka mingi bila jina la kwanza kwenye skrini. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler alimpa moja kitabuni, Nyota, lakini skrini ililisikia kwa mara ya kwanza kwenye sinema ya mwaka 2009, ambamo Zoe Saldana ndiye Uhura. Ukiitazama tena na mwenzako, angalia hili: kijana Kirk anamtongoza baa na kumuuliza jina la kwanza, ananyimwa, anaendelea kubahatisha. Mwishoni anagundua kuna mtu analijua siku zote na hakuwahi kulitangaza: Spock, mpenzi wa dada mwenyewe. Wanaume wa kulazimisha namba za simu, mmesikia? Na tangu mwaka 2022, kwenye Strange New Worlds, Uhura anaigizwa na Celia Rose Gooding. Safari hii anasema waziwazi kwamba kwao ni Kenya. Anajua lugha 37. Ana familia aliyoipoteza, ana mashaka kama anafaa kuwepo chomboni, ana kazi yake ya kufanya. Siku ya tatu imefika, jembe kalishika.

MAMBO YA MASOKO

Hapa ndipo nawaleta nyumbani. Ukitoka Tukuyu ukashika barabara ya kuteremka kuelekea Ipinda, unapita migomba mpaka unachoka kuihesabu, halafu unafika Masoko. Kuna ziwa dogo la duara, Kisiba, lililokaa kwenye shimo la volkano, na kando yake jengo la enzi za Wajerumani ambalo baadaye lilitumika kama mahakama. Wazee husimulia kwamba Mjerumani alipokimbia vita ya kwanza ya dunia alitupa mali na silaha zake ziwani. Wageni wanakuja kuuliza dhahabu. Kwa hiyo usidhani sisi hatuna ugeni wetu: Mjerumani yumo kwenye hadithi yetu, katokea kidogo, katupa kitu majini, katoweka, na mpaka leo watu wanauliza, "Umemuona?"

Kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, anaishi huko na mkewe. Wifi yangu ni mtu wa Pangani. Walijuana chuoni Morogoro mwaka 2010, na urafiki ulianza kwenye kompyuta ndogo ya kaka, wanafunzi sita wamebanana kitandani wanatazama ile sinema ya Star Trek. Spock alipotamka "Nyota", binti wa Pangani akasema kwa sauti, "Jamani, hicho si Kiswahili?" Kaka akageuka kutazama nani huyo. Hajaacha kutazama.

Walipopata mtoto wa pili, wa kike, wakataka kumwita Nyota. Baba mdogo akakataa. Kwake mjukuu wa kike alikuwa na jina tayari, la marehemu bibi yetu, na hakuwa tayari kulipisha jina la sinema. Kwa upande wake wifi aliona anaambiwa kwamba lugha ya bibi zake ni ya sinema. Alisema, "Mimi kila siku mgeni humu ndani. Napika, nalima, nazaa, lakini kwenye neno la maana ni mgeni." Akaanza kufungasha ili arudi Pangani kumalizia uzazi kwa mama yake, na sote tulijua safari hiyo inaweza isiwe na tarehe ya kurudi. Wiki tatu mtoto anaitwa "mtoto" tu.

Sasa kwetu Unyakyusa kuna jambo. Mke wa mwana na baba mkwe hawasemezani hovyo. Heshima ni kukaa mbali, kila mmoja na njia yake. Siku hizi mambo yamelegea kidogo, ila kwa baba mdogo hayajalegea. Kwa hiyo ugomvi wote ulikuwa ukipita kwa shangazi, anatoka barazani anaingia jikoni, anatoka jikoni anarudi barazani. Nilipofika Desemba iliyopita, kabla sijamaliza kuitikia "Ugonile", nikakabidhiwa nusu ya kazi hiyo eti kwa kuwa nimesomea mawasiliano. Nawaambieni, hakuna chuo kinachofundisha somo hilo.

Aliyepata dawa ni shangazi. Jioni moja mvua ilipokatika alimwambia wifi awasimulie watoto, pale sebuleni, hadithi nzima ya huyo dada wa angani. Mlango wa kwenda barazani ukaachwa nusu wazi. Baba mdogo alikuwa nje na redio yake. Wifi alipoanza, redio ikazimwa.

Akasimulia yote. Kitabu mkononi, jina la Uhuru, mashine iliyofuta kumbukumbu ikashindwa kufuta Kiswahili. Akawaambia watoto kwamba neno nyota lilikuwa kinywani mwa bibi zake kabla ya sinema kugunduliwa, na kwamba wavuvi wa kwao walizitumia nyota kurudi nyumbani usiku. Wazungu waliliazima. "Mimi silichukui kwao," akasema. "Nalirudisha."

Kimya. Kisha barazani akakohoa mtu. Baba mdogo akamwita shangazi, ingawa wifi alikuwa akisikia kila neno: "Hebu muulize, huyo binti kwenye hicho chombo walimpa kazi gani?" Shangazi akaingia, akauliza. Wifi akamjibu shangazi: "Anapokea maneno yanayotoka mbali, anayafikisha kwa wakubwa." Shangazi akatoka, akafikisha. Mzee akacheka mpaka kikombe kikagonga meza. "Ala! Basi huyo ni wewe!"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, jina la mama litangulie. Hakusema zaidi. Cheti cha kuzaliwa kina jina la bibi, na Nyota linafuata. Begi la Pangani lilifunguliwa usiku ule ule. Asubuhi yake mzee alituma ujumbe mwingine kwa njia ile ile: shamba la maharage la upande wa chini, mama Nyota aamue lipandwe nini. Shangazi mpaka leo anajiita afisa mawasiliano.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, msimwache mwenzako nje ya kicheko. Ukiruka kwa sababu umemuona Nimoy kwenye katuni, simamisha mkanda, mweleze. Dakika mbili tu. Kicheko usichoelezwa kina tabia ya kugeuka ukuta. Mtu anaanza kujiona mgeni kwenye kochi alilolinunua kwa mshahara wake.

Pili, iwe kwa zamu. Kama mume anakusimulia habari za Enterprise, naye akae asikilize habari za taarab unazozijua, au tamthiliya yako ya saa tatu usiku. Kisiwe chombo cha nahodha mmoja.

Tatu, angalia jembe. Wako wake na waume wengi ambao ndani ya ukoo wa wenzao wako kama Uhura wa mwaka 1966: wapo kwenye picha, wamependeza, wanasema "masafa yako wazi," na hakuna anayewauliza wanaonaje. Mtu hawi mwenyeji kwa kukaa miaka mingi. Anakuwa mwenyeji siku anapoulizwa jambo na jibu lake likabadilisha kitu, hata kama jambo lenyewe ni maharage.

Na kwa wale mnaoniandikia kwamba hadithi za anga si zetu, tazameni Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, au Kizazi Moto ya mwaka 2023, filamu fupi kumi za Waafrika zenye jina la Kiswahili. Huko sisi ndio wenye nyumba. Hodi watapiga wengine.

Nyota njema huonekana asubuhi, lakini wengine tunaziona saa nne usiku, umeme ukiwepo, begani kwa mtu. Leo ukitazama naye chochote, muulize kile anachokichekea kila mara kimetoka wapi. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka mwisho.

Tukutane mwezi ujao.